Nyumba ya Wanasesere Iliyonishinda Mara Mbili

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka saba aliponiuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa maneno. Tulikuwa tumekaa barazani hapa Migori, mvua imetoka kuacha, nami nikimsimulia namna bibi yangu wa Lamu alivyokuwa akirudisha vikombe vya kahawa katika zidaka baada ya wageni kuondoka. Akanikatiza: "Mama, zidaka ni kitu gani?" Nikamweleza kwamba ni vishubaka vilivyotengenezwa ukutani, safu juu ya safu. "Na ukuta hauanguki?" Nikaeleza tena, safari hii kwa mikono. Akaniitikia kwa adabu, kama mtoto anavyomwitikia mtu mzima anayesema asiyoyajua, kisha akarudi kwenye mbuzi wa jirani.

Nyumba ile haimo tena mikononi mwetu. Bibi aliporejea kwa Mola wake mirathi iligawanywa kama ipasavyo; warithi walikuwa wengi na nyumba ni moja, basi ikauzwa. Hapana aliyedhulumiwa. Lakini mimi nimeolewa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, katika ukoo wa Waislamu wa Kijaluo wanaoswali msikiti wa Tawakal, na kazi ya mume wangu ikatuleta Migori. Kutoka hapa hadi Lamu ni zaidi ya kilomita elfu moja, na hata mtoto akifika huko atasimama nje ya mlango wa watu. Picha niliyobaki nayo ni moja tu, na inaonyesha mlango umefungwa.

Usiku ule nikaazimia kumjengea nyumba ya bibi kwa udogo, kiasi cha kuwekwa juu ya meza, wanasesere wake wakae ndani. Nilijipa muda wa wiki tatu. Ilinichukua karibu mwaka mzima, ikanishinda mara mbili, na nawaandikia wasomaji wetu habari zake kwa kuwa najua wako akina mama wengi walio mbali na kwao, ambao wamepata kuwaza jambo kama hili.

Kumbukumbu na rula

Ya kwanza haistahiki maneno mengi. Niliikata kwa katoni za sabuni na kuigandisha kwa uji wa unga wa ngano, kama tulivyokuwa tukigandisha tiara utotoni. Siku ya pili sisimizi wakaitembelea, siku ya nne mende, na kabla ya juma kwisha panya alikuwa amekula ukuta mmoja wote. Nikaitia jikoni ikapikia chai.

Kwa ya pili nikataka kufanya kazi kama watu wanaojua. Nikanunua ubao wa plaiwudi na gundi ya mbao, nikaenda kwa seremala wa mtaani. "Vipimo viko wapi, mama?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba vimo kichwani. Alinitazama kidogo, akachukua penseli.

Kipimo nilichochagua ni kile kinachotumiwa na wengi duniani wanaojenga nyumba za namna hii, yaani moja kwa kumi na mbili: kila inchi moja ya kijumba husimama mahali pa futi moja ya nyumba ya kweli. Ndicho kilichotumiwa katika kijumba mashuhuri cha Malkia Mary wa Uingereza, kilichosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, ambacho hadi leo kimo katika kasri la Windsor. Mafundi na wasanii zaidi ya 1,500 walishiriki katika kazi ile, na kijumba kikatiwa mifereji ya maji na taa za umeme. Habari zake zilinivutia mno. Sikulitilia maanani jambo moja lililokuwa wazi mbele ya macho yangu: kwamba aliyejengewa alikuwa malkia mtu mzima, na hapana mtoto aliyekusudiwa kutia mkono mle.

Hesabu za moja kwa kumi na mbili si ngumu. Taabu ilikuwa kujua nyumba yenyewe ilikuwa na ukubwa gani. Kuhusu upana sikukosea, maana nyumba za mawe za Lamu zina kanuni inayozitawala zote: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifai kuvuka nafasi kubwa, kwa hiyo vyumba huwa virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita mbili na nusu hivi. Katika kijumba hizo ni sentimita 21. Ama urefu, niliukumbuka kuwa mkubwa sana. Nilijiona nikikimbia kutoka ncha moja ya msana hadi ya pili na pumzi zikiniishia. Nikamwambia seremala akate mbao za mita nzima, yaani chumba cha mita kumi na mbili.

Mbao zilipokwisha kukatwa na kulipiwa ndipo nilipompigia simu mama mdogo, ambaye bado anakaa Lamu, mtaa ule ule, katika nyumba iliyopakana ukuta na ile ya bibi na kujengwa na fundi mmoja. Akachukua futi ya kushonea akapima kwake. Mita saba, na kidogo.

"Haiwezekani," nikasema.

"Ulikuwa mdogo, mwanangu. Kila kitu kilikuwa kikubwa."

Nikamweleza kwamba nimekwisha kutoboa na dirisha la chumba cha ndani, lile lililokuwa likiingiza jua la asubuhi juu ya kitanda cha bibi. Akanyamaza, kisha akacheka kwa upole. Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha. Hakijapata kuwa nalo. Dirisha nililokuwa nikiliona ni la nyumba ya jirani, ambako nililelewa kwa miezi kadhaa mamangu alipokuwa mgonjwa. Nilikata simu nikakaa kimya, na nakiri kwamba niliomboleza dirisha lile kana kwamba lilikuwa la kweli. Usemi wa wazee kwamba mali bila daftari hupotea bila habari nilizoea kuuchukua kwamba ni wa fedha na maduka.

Mbao za mita moja nilizikata upya kuwa sentimita 58. Dirisha nililiziba.

Siku hiyo hiyo binti yangu akaleta mwanasesere wake aliyenunuliwa Kisumu, wa plastiki, mwenye kimo cha sentimita 29 kama walivyo wengi wanaouzwa madukani. Fanya hesabu, mpenzi msomaji: ukimzidisha mara kumi na mbili unapata mtu wa karibu mita tatu na nusu. Mlango niliouchonga kwa siku mbili ulimfika mapajani.

"Aingie akitambaa?" mtoto akauliza. Tangu siku hiyo mwanasesere yule anaitwa Jitu.

Nyumba isiyofunguka kwa mbele

Hapa nilikutana na tatizo ambalo hakuna kitabu kilichonionya juu yake, nami naona ndilo lenye faida zaidi kwa yeyote atakayetaka kujenga kijumba cha Kiswahili.

Vijumba vya wanasesere vya Ulaya hufunguka mbele kama kabati. Ukiuvuta ukuta wa barabarani unaviona vyumba vyote kwa mara moja: jiko, ukumbi, vitanda, mtoto anatia mkono anacheza. Inawezekana kwa sababu nyumba zenyewe zinatazama barabara. Madirisha yako mbele, na vyumba vimepangwa nyuma yake. Nami nikafuata mtindo ule bila kufikiri. Nikauwekea ukuta wa mbele bawaba, nikaukamilisha, nikamwita mwanangu aufungue. Akaufungua. Ndani mlikuwa na daka, tekani, na ukuta.

Ndivyo nyumba ya Lamu ilivyo. Haikujengwa ionekane kutoka njiani. Mgeni hupokewa dakani, penye vibaraza viwili vya mawe, na wengi huishia hapo. Anayepita huingia tekani, na pale njia hupinda, ili mlango ukiachwa wazi jicho la mpitanjia lisifike kiwandani. Kutoka kiwanda, ambao ni uwanja wa ndani ulio wazi juu, unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu ulioinuka kwa kidato, kisha ndani, kila chumba nyuma ya mwenziwe, kila kimoja na kiza kidogo zaidi na heshima kubwa zaidi. Kadiri unavyozidi kuingia ndivyo unavyozidi kuwa mtu wa nyumba hiyo. Zidaka nzuri kuliko zote ziko mbali kabisa na mlango, mahali ambapo mgeni wa kawaida hatazifikia. Hiyo ndiyo sitara iliyotengenezwa kwa chokaa na mawe ya matumbawe, na mimi nilikuwa nimeitia bawaba kama kabati la sahani.

Nikajaribu kuikata kwa ubavuni. Ikafunguka, lakini vyumba vikaonekana kama vipande vya mkate na mpango wote wa kuingia hatua kwa hatua ukapotea. Nikajaribu kuacha kila kitu kama kilivyo na kufunika kwa dari isiyotoka, nikijiambia kwamba mtoto atachungulia mlangoni kwa tochi. Alichungulia mara moja. Akasema, "Naona giza."

Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu siku zote, na niliona haya nilipolitambua: nyumba ya namna hii hufunuliwa kwa juu, kama kikapu chenye kawa. Ukiondoa dari, kuta zote zinabaki mahali pake, daka ni daka na ndani ni ndani, na mkono wa mtoto unafika kila pembe. Lakini wakati huo dari yangu ilikuwa imekwisha kugandishwa kwa gundi ya mbao, boriti 40 na zaidi, na sikuwa na moyo wa kuibandua.

Udongo wa mama mkwe

Zidaka nilitaka kuzifinyanga, maana za kweli ni kazi ya plasta, na plaiwudi haikunipa umbo lile. Nikachimba udongo kando ya mto, nikaukanda, nikaupaka juu ya ubao kwa unene wa vidole viwili, nikachonga safu tatu za zidaka kwa kisu cha mkate. Kazi ile ilikuwa nzuri, nasema hivyo bila kujigamba kwa kuwa haikudumu. Niliianika juani asubuhi. Alasiri ilikuwa imepasuka kama kisigino kisichojua mafuta, na jioni nusu yake ikabanduka ikaanguka sakafuni mwa kijumba.

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Kendu Bay. Mama huyu huniita nyar Lamu, yaani binti wa Lamu, kama Wajaluo wanavyomwita mke kwa jina la kwao alikotoka, na tangu nilipoolewa tumekuwa tukipendana kwa tahadhari. Alisimama akaitazama ile hasara.

"Nani aliyekwambia uanike juani?"

Ufinyanzi ni kazi ya wanawake upande huu, hasa kuelekea Oyugis. Mtafiti Ingrid Herbich, aliyefanya uchunguzi miongoni mwa wafinyanzi wa Kijaluo, ameeleza kwamba mara nyingi mwanamke hajifunzi kazi hii kwa mamake mzazi, bali huipata baada ya kuolewa, kwa mama mkwe wake. Mimi nilikuwa na miaka tisa katika ukoo ule na sikupata kuuliza hata swali moja juu ya mitungi iliyokuwa uani.

Akaagiza chungu kilichovunjika. Akakitwanga mpaka kikawa kama unga wa mahindi, akauchanganya na udongo wangu pamoja na mchanga kidogo, akaniambia kwamba udongo mtupu hujikunja unapokauka, na kitu kilichokwisha kuchomwa hakijikunji tena, basi humzuia mwenziwe. Akanikataza unene wa vidole viwili: utie tabaka nyembamba, ulikwangue, lipate kushika la pili. Akaweka kijumba kivulini na kukifunika kwa kitambaa kibichi, kikauke kwa siku nyingi. Kuhusu ubao alitikisa kichwa, kwa kuwa hata yeye hakupata kuona udongo ukishika mbao laini. Hilo nililitatua mwenyewe: nikagandisha kipande cha chandarua kikuukuu juu ya plaiwudi kwanza, na udongo ukapata mahali pa kukamata. Alipoona, alicheka, akasema kumbe na mimi nina akili yangu.

Tulikaa siku tano pamoja juu ya zidaka zile. Katika miaka tisa hatukuwa tumezungumza kiasi kile.

Nililokosea baada ya hapo lilitoka ziwani. Boriti za kijumba nilizifanya kwa mashina ya mafunjo, sehemu ya juu iliyo nyembamba, ambayo kwa unene wa sentimita moja hufanana kabisa na boriti ya kweli kwa kipimo changu. Tulizikata ufuoni Homa Bay wakati wa likizo. Nikazitia mbichi, kwa kuwa Idi ilikuwa karibu na nilitaka zawadi iwe tayari. Mafunjo mabichi yamejaa maji. Yalipokauka yalisinyaa, ncha zikachomoka matunduni moja baada ya nyingine. Kisha ikaja masika ya 2024, ambayo hakuna wa upande huu atakayeisahau. Paa la nyumba yetu ya kweli likavuja usiku juu ya meza, plaiwudi ikafura, na asubuhi dari ya kijumba ilikuwa imelala juu ya msana. Zidaka za mama mkwe zilipasuka mahali pamoja tu.

Mkono wa mtoto

Nimeandika juu ya gundi na udongo, lakini kosa lenyewe hasa sijalitaja, na laiti ningeweza kulipita.

Katika miezi ile yote, kila mwanangu alipokisogelea kijumba nilimwambia, "Usiguse." Usiguse, haijakauka. Usiguse, utavunja. Usiguse, subiri. Wiki moja kabla ya Idi alitia kidole katika kidaka kimoja, kikabanduka, nami nikampigia kelele ambazo mtoto hapigiwi kwa ajili ya udongo. Hakulia. Alitoka nje. Siku kadhaa baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba na watoto wa jirani, wamepanga mawe kwenye duara, wamefanya boma. Ndani mlikuwa na ng'ombe wa udongo, kopo la majani likiwa ghala la nafaka, na Jitu amelala katikati kwa raha, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na paa.

Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na kwamba wenzake walipojificha kwa kumwonea haya, yeye mwenyewe aliwarudisha waendelee kucheza naye. Na katika Sunan Abu Dawud imo habari ya upepo uliofunua pazia la kishubaka alimohifadhi wanasesere wake, akaonekana miongoni mwao farasi mwenye mbawa za vitambaa, na Mtume akamuuliza juu yake, akacheka kwa jibu lake. Wanazuoni wengi wametegemea hadithi hizi katika kuruhusu wanasesere wa watoto, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Mimi hadithi ile nilikuwa nimeitumia kumjibu jirani aliyeniuliza kama kazi yangu inafaa. Sikuwa nimeisoma kwa ajili ya nafsi yangu. Kishubaka, pazia, vitambaa, na mtoto anayeulizwa kwa upole kuhusu mchezo wake mwenyewe.

Nilikiweka kijumba juu ya kabati. Nikasema kimenishinda.

Mawe ya Thimlich

Mwezi wa Agosti mume wangu akatupeleka Thimlich Ohinga, ambako kwa aibu yetu hatukuwa tumefika, ingawa ni kama kilomita 46 tu kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Wasomaji wa pwani wanaojivunia kwamba mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 wajue kwamba Thimlich nayo imo tangu 2018. Jina lake kwa Kijaluo huelezwa kuwa msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la ngome. Kuta zake zinakisiwa kujengwa katika karne ya 16, na mtindo wa maboma ya namna ile uliendelea katika bonde la ziwa hadi katikati ya karne ya 20.

Ni kuta za mawe matupu, pana kiasi cha mita moja na zaidi, mahali pengine zimempita mtu kimo kwa mbali. Hapana chokaa wala udongo uliozishika. Mawe hayakuchongwa. Yamepangwa kwa uso wa nje na uso wa ndani, na katikati pakajazwa mawe madogo madogo yanayoziunganisha nyuso hizo mbili, kila jiwe likilala juu ya mawili na kubanwa na wenzake. Malango ni mafupi, ili anayeingia ainame na walinzi wamwone kabla hajawaona. Watu wa makabila mbalimbali walikaa mle kwa zamu katika karne hizo, na kila waliofuata walitengeneza palipobomoka na kuendelea kuishi.

Mwanangu aliinama langoni akasema kwamba hapa hata Jitu angetambaa. Kisha akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, akaingiza kidole katika nafasi iliyokuwa baina ya mawe mawili. Nilitaka kumwambia asiguse. Nikajizuia.

"Mama," akasema, "hawakutia gundi."

Ya tatu

Tuliporudi nyumbani tulikishusha kijumba na kukifungua chote. Yeye ndiye aliyeshika nyundo.

Kijumba cha tatu hakina gundi ila katika kuta nne za nje na sakafu. Kuta za ndani zinaingia katika vijia vyembamba vilivyochimbwa sakafuni na ubavuni, zinachomolewa kwa vidole viwili na kurudishwa. Seremala alivichimba kwa saa moja, akaniambia angenishauri hivyo tangu mwanzo lau ningemuuliza. Boriti ni mafunjo yale yale, lakini yalikauka kivulini wiki sita kabla ya kukatwa, na hazikutiwa matunduni. Zimelazwa juu ya papi zilizopigiliwa ukutani, na kufungwa pamoja kwa uzi kama mkeka, hivyo dari yote hunyanyuliwa kwa mkono mmoja. Ukuta wa zidaka uliookoka tuliuhamisha mzima, na ufa wake tumeuacha. Wanasesere tumewashona sisi wenyewe kwa mabaki ya leso na pamba, kimo chao sentimita 14, ambazo kwa kipimo chetu ni mwanamke wa mita moja na sentimita 68. Kumshona mmoja ni kazi ya jioni moja. Wa kwanza alitoka na mkono mmoja mrefu kuliko wa pili, na ndiye apendwaye.

Lakini binti yangu alikuwa na sharti lake. Nyumba ya bibi wa Lamu haiwezi kukaa peke yake juu ya meza. Watu wake watakula nini? Basi tulitafuta ubao mpana wa kuiwekea, na mbele yake akajenga boma la kokoto, bila gundi, lenye lango fupi. Ndani ya boma mna ghala, mbuzi wanne, na nyumba ya mviringo ya bibi yake wa Kendu Bay. Mama mkwe alipokuja kuliona alisahihisha jambo moja: nyumba ya mke mkubwa hutazama lango. Mimi nikasema kwamba nyumba ya Lamu haipendi kutazamwa na lango lolote. Tukabishana kidogo, kila mmoja akitetea kwao. Mtoto akaugeuza ubavu mlango wa Lamu mpaka sote wawili tukanyamaza.

Boma lile huanguka karibu kila siku. Paka hulipita, au mdogo wake hulikanyaga, naye hulipanga upya akirudi kutoka madrasa, na si mara zote mahali pale pale.

Ijumaa iliyopita mama mdogo alitupigia simu ya picha kutoka Lamu. Binti yangu akaondoa dari, akaishika simu juu ya kijumba na kuipitisha polepole: daka, tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

"Mtungi si hapo," mama mdogo akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Bibi alikuwa akiuweka kulia, karibu na mlango wa choo."

Mtoto akanipa simu niishike, akatia mkono kwa juu, akauhamisha.